Hesabu ya kukusanya hesabu: namna gani tunajua kama dawa inaponya ao inaumiza?



Kuna swali moja ambalo halimaliziki kwenye dispanseri. Mama analeta mutoto mwenye malaria kali, mutoto anatetemeka na kupotewa na akili, na mama anaona tunamupiga sindano ndogo katika mushipa, kazi ya dakika chache tu. Anashangaa. "Serumu ya kinini iko wapi? Mimi nilipona kwa kinini, na baba yake vilevile." Mama anasema kweli. Kinini kimeponya wazee wetu wengi sana, hata watu wengine wanaita kila kidonge "kinini". Sasa nani aliamua kwamba kinini kikae nyuma? Ni biashara ya watu wanaotaka kuuza dawa mupya?

Hapana. Ni hesabu iliyoamua. Na hesabu hiyo si siri ya wasomi wakubwa: kila mutu anayejua kugawanya na kuhesabu kwa mia anaweza kuifuata. Wanganga wanaiita meta-analizi, maana yake hesabu ya kukusanya hesabu. Muchukue nafasi ya kusoma polepole, kwani jambo hili linagusa vidonge munavyomeza kila siku.

KININI NA ARTESUNATE

Kinini kinatoka katika ganda la muti wa kinkina, muti wa Amerika ya Kusini ambao ulipandwa pia kwetu Kivu. Mwaka 1820 Wafaransa wawili, Pelletier na Caventou, walifaulu kutenga kinini safi katika ganda lile. Tangu siku zile kimekuwa silaha kubwa ya kupigana na malaria. Lakini kina taabu zake, na kila anayetunza wagonjwa anazijua. Masikio yanalia. Sukari inashuka katika damu mpaka mugonjwa anazimia. Serumu ikikimbia mbio, moyo unaweza kusimama. Na sindano ya kinini ikipigwa vibaya katika tako, mutoto anaweza kubaki kilema cha muguu.

Artesunate inatoka katika muti mudogo wa Wachina unaoitwa artemizia. Mwaka 1972 mwanamuke mumoja wa China, Tu Youyou, pamoja na wenzake, walitenga dawa iliyomo katika majani yake, na mwaka 2015 alipewa zawadi ya Nobel kwa kazi hiyo.

Basi tuna dawa mbili. Ipi inaacha watu wengi zaidi wazima? Tuseme hospitali moja inapokea wagonjwa 60 wa malaria kali kwa mwaka. Wagonjwa 30 wanapewa kinini, wanakufa 4. Wagonjwa 30 wanapewa artesunate, wanakufa 3. Munganga wa hospitali hiyo atasema nini? Hawezi kusema kitu. Tofauti ni mutu mumoja tu, na huyo mumoja pengine alifika akiwa amechelewa siku tatu nyumbani. Mwaka ujao inaweza kugeuka, kinini 3 na artesunate 4.

Ninyi wa mugodini munajua jambo hili kuliko mimi. Hakuna mutu anayeokota jiwe moja, analipima, halafu anasema mulima wote una shaba kiasi fulani. Watu wa jeolojia wanatoboa mashimo mengi, wanapeleka kila kipande laboratwari, na shimo refu linahesabiwa kwa urefu wake, shimo fupi kwa ufupi wake. Kisha ndipo wanasema mulima una nini. Meta-analizi ni kazi ileile. Kila jaribio la dawa ni shimo mumoja-mumoja. Jaribio kubwa lina uzito mukubwa, jaribio dogo lina uzito mudogo.

Mwaka 2005 yalitoka majibu ya jaribio lililofanywa Bangladesh, India, Indonesia na Birmania. Wagonjwa walikuwa 1461, wengi wao watu wazima. Waligawanywa kwa kura, maana yake munganga hakuchagua nani apate dawa gani. Jambo hilo la kura ni kubwa, tusilipite mbio: munganga akichagua mwenyewe, atawapa wagonjwa wazito dawa anayoiamini, na hesabu yote itaharibika. Kwa kila wagonjwa 100 waliopewa kinini walikufa 22. Kwa artesunate walikufa 15.

Watu wengi wakasema: hiyo ni Asia, tena ni watu wakubwa. Mutoto wa Afrika je? Swali lilikuwa la haki. Mwaka 2010 yakatoka majibu ya jaribio lingine, la watoto 5425, katika hospitali 11 za inchi 9 za Afrika. Kongo yetu ilikuwa ndani, pamoja na Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na nyingine. Kati ya watoto 2713 waliopewa kinini walikufa 297. Kati ya 2712 waliopewa artesunate walikufa 230. Tofauti ni watoto 67. Katika hospitali moja peke yake watoto hao 67 wasingeonekana hata kidogo. Wangepotea katika vifo vya kila mwezi, na kila munganga angeendelea na dawa aliyoizoea.

Mwaka 2012 wakusanyaji wakaweka pamoja majaribio 8, yenye watu wazima 1664 na watoto 5765. Jibu lilitoka hivi: pahali ambapo wangekufa watu wazima 100 kwa kinini, kwa artesunate wanakufa karibu 61. Pahali ambapo wangekufa watoto 100, wanakufa karibu 76. Na sukari kushuka katika damu kulipatikana mara chache zaidi kwa artesunate.

Lakini musifikiri wakusanyaji walikuwa wanaiimbia artesunate wimbo wa sifa. Hesabu hiyohiyo ilionyesha kwamba siku ya kutoka hospitali, watoto wa artesunate walikuwa na matatizo ya ubongo kidogo kuliko wale wa kinini? Hapana, walikuwa nayo zaidi! Mukusanyaji mubaya angeficha jambo hilo. Wao waliliandika, wakatafuta watoto walivyokuwa siku ya 28, wakakuta matatizo mengi yamekwisha na hakuna tena tofauti ya kuhesabika kati ya makundi mawili. Ndivyo usalama wa dawa unavyopimwa: unaandika mazuri na mabaya katika daftari moja.

Shirika la Afya la Ulimwengu lilishauri artesunate kwa watu wazima mwaka 2006, na kwa watoto mwaka 2011. Inchi yetu ikafuata. Kinini hakikutupwa, kinabaki kwa siku ambayo dawa zilizo bora hazipatikani.

KWA NINI HATUJUMLISHI TU?

Mufanyakazi mumoja mwenye akili ya hesabu anaweza kuuliza: kwa nini kazi nyingi hivyo? Tujumlishe wagonjwa wote wa kila pahali, tujumlishe vifo vyote, tugawanye, basi.

Tujaribu. Mufano huu ni wa kubuni, lakini muchukue karatasi na kalamu.

Hospitali ya kwanza inapokea wagonjwa wazito tu. Dawa mupya wamepewa watu 100, wamekufa 40. Dawa ya zamani wamepewa watu 20, wamekufa 9. Ni 40 kwa mia na 45 kwa mia: dawa mupya ni bora. Hospitali ya pili inapokea wagonjwa wepesi. Dawa mupya wamepewa watu 20, amekufa 1. Dawa ya zamani wamepewa watu 100, wamekufa 8. Ni 5 kwa mia na 8 kwa mia: dawa mupya ni bora tena. Sasa mujumlishe. Dawa mupya: watu 120, vifo 41, karibu 34 kwa mia. Dawa ya zamani: watu 120, vifo 17, karibu 14 kwa mia. Ajabu! Dawa iliyoshinda katika hospitali zote mbili imeshindwa katika jumla.

Kosa liko wapi? Dawa mupya ilipewa zaidi wale waliokuwa karibu na kufa. Kwa hiyo katika meta-analizi hatuchanganyi wagonjwa wa hospitali hii na wa hospitali ile kama mawe katika kamyo moja. Kila jaribio linajilinganisha lenyewe kwanza: hapa tofauti ni ngapi, pale tofauti ni ngapi. Tofauti hizo ndizo zinapimwa uzito na kukusanywa. Ukisikia mutu kwenye radio ao kwenye simu anasema "katika hospitali fulani wamekufa wengi zaidi kwa dawa hii", umuulize kwanza wagonjwa gani walikuwa wanapelekwa pale.

MUNGANGA WA WACHIMBA MAKAA

Kukusanya hesabu namna hii si jambo la jana. Mwaka 1904 Mwingereza Karl Pearson alikusanya hesabu za chanjo ya tifoidi kwa askari wa Uingereza waliokuwa Afrika ya Kusini na India. Jina lenyewe meta-analizi lilitungwa na Mwamerika Gene Glass mwaka 1976. Lakini mutu ninayependa mumujue ni mwingine, kwa sababu alikuwa karibu na kazi yetu.

Archibald Cochrane alizaliwa Scotland mwaka 1909. Katika vita ya pili ya ulimwengu alikamatwa na Wadachi katika kisiwa cha Kreta, mwaka 1941, akawa munganga wa wafungwa wenzake. Alitunza watu wa kifua kikuu na watu wa kuvimba miguu kwa njaa, bila dawa za kutosha, na taabu moja ilimusumbua kuliko nyingine: hata angekuwa na dawa, hakuna mutu aliyejua kwa hakika ni ipi inayosaidia na ipi inayochosha mugonjwa bure.

Baada ya vita alikwenda Wales ya kusini, kwenye migodi ya makaa, kuchunguza ugonjwa wa mavumbi katika mapafu. Katika bonde la Rhondda Fach yeye na wenzake walitaka kupiga picha ya kifua ya watu wote wazima, si wale wanaokohoa tu. Aliyekataa walimufuata mpaka nyumbani. Kwa nini? Kwa sababu mwenye kukosa pengine ndiye mugonjwa kuliko wote, ao ndiye muzima kuliko wote, na bila yeye hesabu inadanganya. Wenzetu wanaokwepa radio ya kifua ya kila mwaka wafikiri juu ya jambo hili.

Mwaka 1979 Cochrane aliwakemea wanganga wenzake kwa maandishi: ni aibu kubwa kwamba hawajakusanya, kila mumoja katika ufundi wake, majaribio yote yenye kura yaliyofanywa, na kuyasahihisha kila mara mapya yakitoka. Alikufa mwaka 1988. Mwaka 1993 watu wa inchi mbalimbali waliunda ushirika wa kufanya kazi hiyo, wakaupa jina lake. Mukusanyo wa artesunate niliotaja juu, wa mwaka 2012, ulitoka katika ushirika huo.

DAWA YA MUGONGO

Sasa tuje kwa dawa ambayo karibu kila nyumba ya kambi inayo: diklofenaki. Mutu ametoka kazini, mugongo unauma, goti limevimba, anakwenda soko ao farmasi, ananunua vidonge bila karatasi ya munganga. Maumivu yanashuka. Kesho tena. Mwezi unapita, mwaka unapita. Sisemi mutu huyo ni mupumbavu. Maumivu ni maumivu, na kazi haingoji.

Mwaka 2013 wakusanyaji wa Oxford na wenzao wa inchi nyingine walitoa hesabu kubwa sana ya dawa za namna hiyo, diklofenaki, ibuprofeni, naprokseni na nyingine. Walikusanya majaribio 280 yaliyolinganisha dawa hizo na vidonge visivyo na dawa, na majaribio 474 yaliyolinganisha dawa moja na nyingine. Watu waliohesabiwa wanapita 300.000.

Walikuta nini? Wakichukuliwa watu 1000 wanaomeza diklofenaki nyingi, miligramu 150 kwa siku, muda wa mwaka muzima, na kulinganishwa na watu 1000 wasioimeza, kati ya wale wa kwanza wanaongezeka watu 3 wanaopata shambulio la moyo ao la ubongo ao kifo cha namna hiyo. Mumoja kati ya hao 3 anakufa. Miligramu 150 si mbali: ni vidonge vitatu vya 50. Tena dawa zote za kundi hili zinaongeza hatari ya tumbo kutoboka na kutoa damu. Naprokseni haikuonyesha kuongeza hatari ya moyo, lakini kwa tumbo ilikuwa kali kuliko diklofenaki. Hakuna iliyokuwa bure.

Watu 3 katika 1000, hilo ni jambo kubwa ao dogo? Hapa kila mutu atumie akili yake pamoja na munganga. Kwa kijana muzima anayemeza siku tatu kwa sababu ya muguu ulioteguka, ni dogo sana. Kwa mutu wa miaka 55 mwenye tansio, anayemeza kila siku tangu mwaka jana bila mutu kujua, si dogo. Na munganga mumoja, hata akae kazini miaka 30, hawezi kuona hao 3 kwa macho yake. Shambulio la moyo linapata watu hata wasiomeza kitu. Atamuona mugonjwa, atasema ni uzee, ao ni chumvi, ao ni mawazo. Watu watasema ni uchawi. Hatari ya namna hii haionekani kitandani, inaonekana katika hesabu tu.

Ndivyo ilivyokuwa kwa dawa nyingine ya maumivu, Vioxx, iliyoondolewa sokoni mwaka 2004 kwa sababu ya moyo. Mwaka huohuo watafiti wa Uswisi walikusanya majaribio yake mwaka kwa mwaka, kama mutu anayefungua tena madaftari ya zamani. Wakakuta kwamba mwishoni mwa mwaka 2000 majaribio yalikuwa na wagonjwa 20.742 na mashambulio ya moyo 52, na hatari ilikwisha kuonekana kuwa zaidi ya mara mbili. Karibu miaka mine ilipita kati ya hesabu hiyo, kama ingefanywa, na siku dawa ilipoondolewa.

HESABU NAYO INAWEZA KUDANGANYA

Kama majaribio mabaya yameingia, jibu baya litatoka. Kama mutengenezaji wa dawa ametoa majaribio matano mazuri na ameficha mawili mabaya katika kabati, mukusanyaji atapima matano tu. Kwa sababu hiyo leo majarida makubwa ya wanganga yanadai jaribio liandikishwe mbele halijaanza, ili watu wajue kwamba liko na waulize majibu yake.

Tena majaribio madogo, hata yakiwa mengi, yanaweza kuvuta upande mumoja. Mwaka 1998 mukusanyo wa majaribio 30, yenye wagonjwa 1419 tu, ulisema kwamba albumini, serumu ya bei kali inayopewa wagonjwa mahututi, inaongeza vifo 6 kwa kila 100. Hofu ikaenea. Australia na New Zealand wakafanya jaribio moja kubwa, wagonjwa 6997, majibu yakatoka mwaka 2004: kwa albumini walikufa 726, kwa serumu ya chumvi 729. Hakuna tofauti. Mimi sioni kwamba mukusanyo wa kwanza ulikuwa kazi bure, kwani ndio uliosukuma watu kufanya jaribio kubwa. Lakini unatufundisha kuuliza kila mara: wagonjwa wangapi kwa jumla, na vifo vingapi?

Na kwa kuwa nimetaja serumu, niseme neno kwa wale wanaogombana na wauguzi wakitaka mutoto "atiwe maji". Mwaka 2011 yalitoka majibu ya jaribio la watoto 3141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, wenye homa kali na damu isiyozunguka vizuri. Wengine walitiwa maji mengi mbio katika mushipa, wengine hawakutiwa hivyo. Baada ya saa 48, kati ya waliotiwa maji mbio walikuwa wamekufa karibu 10 na nusu kwa mia. Kati ya wengine, 7 kwa mia na kidogo. Wanganga wengi walioanza jaribio hilo walitazamia kinyume. Mutoto wa kuhara aliyekauka ni jambo lingine, huyo anahitaji maji. Lakini mutoto wa malaria kali, muuguzi akiweka serumu polepole ao akikataa kuiweka, musimuite muvivu.

Kuna pia mabaya ambayo ni machache mno hata kwa mukusanyo mukubwa, ao yanakuja baadaye, mugonjwa amekwisha kutoka hospitali na daftari limefungwa. Artesunate yenyewe ina mufano. Katika miaka ya 2010 wanganga wa Ulaya waliandika juu ya wasafiri waliorudi kutoka Afrika na malaria kali, wakatunzwa na artesunate, wakapona, kisha baada ya wiki moja ao zaidi damu yao ikaanza kupunguka tena. Majaribio makubwa hayakuwa yameliona vizuri jambo hilo, kwa sababu wagonjwa wengi hawakupimwa damu tena siku hizo. Waliopata hali hiyo walitambuliwa mumoja-mumoja, kwa sababu walirudi hospitali na mutu akaandika.

Kwa hiyo mutoto ao mutu mukubwa aliyepigwa sindano za artesunate, muda wa wiki nne baada ya kutoka hospitali, mumutazame macho na mukojo. Kama macho yanageuka manjano, kama mukojo unakuwa mweusi kama kahawa, kama anachoka kwa kupanda ngazi tatu tu ao viganja vinakuwa vyeupe, arudi kwenye dispanseri siku hiyohiyo, na karatasi yake ya hospitali mukononi, yenye tarehe ya sindano ya kwanza. Tutamupima damu bila kungoja zamu.